Kurudia video ya muziki shoti kwa shoti: tuchague ipi, tuanzie wapi?

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa filamu, mwaka wa pili. Tumepewa kazi ya kikundi: tuchague video ya muziki iliyokwisha kutoka, tuirudie wenyewe shoti kwa shoti kadiri tutakavyoweza. Tuko watano, tuna kamera moja, taa mbili na wiki tatu. Zimebaki video tatu mezani na hatuelewani. Ya kwanza ni shoti moja isiyokatwa tangu mwanzo hadi mwisho. Ya pili ni bendi na wachezaji ndani ya chumba kimoja, na imekatwakatwa sana. Ya tatu mwimbaji anatembea barabarani kwa mwendo wa polepole. Tuchukue ipi, na tufanye nini ili ifanane kweli, isigeuke kichekesho? Na tukimaliza, tunaruhusiwa kuiweka mtandaoni?

Jibu: Chukueni ya pili, ile ya bendi chumbani.

Nadhani wenzako wanaoing'ang'ania ya kwanza wanapiga hesabu hivi: shoti moja, kamera moja, hakuna kuhariri, kazi imekwisha. Shida ni kwamba shoti isiyokatwa haina pa kufichia kitu. Mchezaji akikosea hatua dakika ya tatu na nusu, mnarudi mwanzo, na hakuna mhariri wa kuwaokoa. Bendi ya OK Go ilipotoa "Here It Goes Again" mwaka 2006, wanne wakicheza juu ya mashine nane za kukimbilia mbele ya kamera iliyotulia tuli, kilichoingia kwenye video kilikuwa jaribio la 17, tena baada ya mazoezi marefu. Kikundi cha wanafunzi chenye siku mbili tatu za kushuti kitaishiwa nguvu kabla hakijaishiwa makosa.

Ya tatu inawezekana. Mwendo wa polepole nitaueleza huko mbele, maana huenda mkauhitaji hata chumbani. Kinachonitia shaka ni barabara: jua linahama, vivuli vinageuka, wapita njia wanatazama kamera, na kibali cha kushuti mahali pa watu kinaweza kumeza wiki nzima kati ya hizo tatu.

Ya pili inatisha kwa idadi tu. Tuseme ni ya dakika nne na kila shoti inakaa wastani wa sekunde mbili: hizo ni shoti 120. Lakini kila mara video inaporudi kwenye uso wa mpiga gitaa, kamera imewekwa palepale ilipokuwa mara ya kwanza. Zipangeni shoti kwa mahali pa kamera, na zile 120 zitajikusanya kwenye mikao michache, pengine kumi au kumi na mitano. Kila mkao mnaupiga mara moja, mnamaliza shoti zake zote, ndipo mnahama. Isitoshe, mdundo wa mikato ndio wenye somo ambalo mwalimu wenu anataka mlipate, na mdundo huo unasomeka vizuri zaidi penye mikato mingi.

Wiki ya kwanza msiguse kamera. Ingizeni video ya asili kwenye programu ya kuhariri, mradi ukiwa na kasi ileile ya fremu, yaani idadi ya picha kwa kila sekunde, iliyo nayo faili. Kama ni fremu 24 kwa sekunde, nanyi mtashuti kwa 24; kama ni 25, basi 25. Mkichanganya, mikato yenu haitaangukia mahali pamoja na ya asili hata mfanye nini. Kisha pitieni fremu kwa fremu, mkate kila palipokatwa, mpe kila kipande namba, na mtoe picha mnato moja ya kila shoti. Baada ya hapo andikeni jedwali. Mstari mmoja uwe na uzito wa namna hii:

Shoti ya 31. Inaanza 1:12 fremu ya 8, inaisha 1:14 fremu ya 3, yaani fremu 45 kwa kasi ya 25. Mpiga ngoma kuanzia kifuani. Kamera iko chini ya usawa wa macho yake, inasogea kushoto taratibu. Mwanga mkuu unatoka nyuma upande wa kulia, nusu ya uso iko gizani. Kijiti kinagonga toazi fremu tatu baada ya mkato. Sababu: tunaonyeshwa pigo kabla sauti nyingine hazijaingia.

Maneno hayo ya mwisho, sababu, msiyaruke hata kama mnakisia. Mtu anayeandika tu "klozapu, ngoma", yaani picha ya karibu ya ngoma, atapiga klozapu ya ngoma. Aliyeandika kwamba kijiti kinagonga fremu tatu baada ya mkato atajua shoti ile ni ya mkono unaoshuka, na atamwambia mpiga ngoma aanze kuinua mkono mapema. Hiyo ndiyo tofauti kati ya video inayofanana na ile inayofanana kwa mbali.

Kisha chagueni shoti ishirini zilizo ngumu mzichore kwa mkono, hata kwa vijiti na miduara. Mwaka 1982 vijana watatu wa Mississippi, Marekani, walianza kuirudia filamu ya Raiders of the Lost Ark shoti kwa shoti kabla haijatoka kwenye kaseti za nyumbani, ikabidi wachore mamia ya shoti kwa kumbukumbu; kazi yenyewe iliwachukua hadi 1989. Ninyi mna kitufe cha kusimamisha picha, na kitufe hicho kinawafanya watu wavivu wa kutazama. Ukichora huwezi kukwepa kuamua kichwa kinaishia wapi na mlango uko umbali gani nyuma yake.

Sasa namna ya kufanana. Wengi huanza na mavazi na mapambo. Ni kosa la mpangilio, kwa sababu jicho la mtazamaji husamehe koti la rangi tofauti kidogo lakini halisamehi kamera iliyokaa mahali pasipo pake. Anzeni na umbali wa kamera. Chukueni picha mnato yenye watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, kisha pimeni kwa rula kwenye skrini: kichwa cha nyuma ni nusu ya kile cha mbele, au theluthi? Wasimamisheni wenzenu wawili chumbani kwa nafasi inayokaribia ile ya asili, na msogeze kamera mbele na nyuma hadi uwiano wa vichwa uwe uleule. Hapo mmepata umbali. Ndipo mbadilishe lenzi au kuvuta zumu hadi fremu ijae sawasawa. Mkianza na lenzi mtazunguka siku nzima, kwa sababu ukubwa wa vitu vya nyuma kulinganisha na vya mbele unaamuliwa na mahali kamera iliposimama, na lenzi inakata tu kipande cha kuonyesha.

Chumba chenu kikiwa kidogo kuliko cha asili, hamtaweza kurudi nyuma vya kutosha, na nyuso zitatoka na pua kubwa na masikio yaliyokimbia. Kwa hiyo pimeni chumba kabla ya kukikubali. Urefu wake ni muhimu kuliko uzuri wake. Rangi ya ukuta mtaiziba kwa kitambaa.

Taa mbili zinatosha zaidi ya mnavyodhani, ila lazima mjue kusoma mwanga wa mwenzako. Kuzeni picha mnato hadi mboni ya jicho ijae skrini. Kile kinukta cheupe ndani ya jicho ni sura ya taa yenyewe: kikiwa mraba mpana, mwanga ulipitia kitambaa au dirisha; kikiwa nukta kali, taa ilikuwa tupu au mbali; kikiwa juu kulia, huko ndiko ilikosimama. Halafu tazameni kivuli cha pua. Kikianguka hadi kwenye mdomo, taa ilikuwa juu sana. Kikilala shavuni, ilikuwa ubavuni. Ukingo wa kivuli ukiwa mkali kama uliokatwa kwa wembe, chanzo kilikuwa kidogo. Mkishajua haya, taa ya kwanza iwekeni palipo taa kuu, ya pili iwe ile inayochora mabega kutoka nyuma kama ipo. Panapohitajika mwanga zaidi rudisheni kwa ubao mweupe. Panapohitajika giza, na hapa wanafunzi husahau, simamisheni kitambaa cheusi karibu na shavu kimeze mwanga unaorudi kutoka ukutani.

Neno moja juu ya ngozi. Waigizaji wenu huenda ni weusi au weupe kuliko wa video ya asili. Mkijaribu kuufikisha uso kwenye mwangaza uleule wa asili, mtaharibu chumba kizima. Linganisheni uhusiano: uso unang'aa kuliko ukuta wa nyuma kwa kiasi gani, na upande wa giza umezama kiasi gani chini ya upande wa mwanga. Uhusiano huo ukilindwa, picha itasomeka vilevile hata kama rangi ya mtu ni nyingine kabisa.

Siku ya kushuti, bandikeni karatasi ya plastiki angavu juu ya skrini ya kuangalizia. Chukueni picha mnato ya shoti ile, mchore kwa kalamu ya kufutika mstari wa macho, mabega, ukingo wa mlango. Kisha washeni kamera na kumsogeza mwigizaji hadi aingie ndani ya michoro. Ni njia ya kizamani, lakini ni bora kuliko watu watano wanaobishana kama amesimama kushoto zaidi au la.

Muziki wa lokesheni, yaani unaochezwa mahali pa kushuti, unastahili mtu wake mmoja asiyefanya kazi nyingine. Akate wimbo kwa vipande vya jedwali lenu, na kila kipande akipe mlio wa kuhesabia, moja mbili tatu nne kwa kasi ya wimbo, ili waimbaji wasishtukizwe. Kila mkao mpige kuanzia sekunde chache kabla ya mahali mnapohitaji hadi sekunde chache baada. Kamera irekodi sauti ya chumba hata kama ni mbaya, kwa kuwa ndiyo itakayotumika kuoanisha picha na wimbo. Spika ikiwa karibu na kamera na mwimbaji akiwa mbali, kumbukeni sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde: kwa umbali wa mita 34 mwimbaji anasikia sehemu ya kumi ya sekunde baadaye, sawa na fremu mbili na nusu kwa kasi ya 25, na midomo yake itaonekana imechelewa hata kama mawimbi ya sauti yamelingana kwenye taimulaini, ule mstari wa muda wa programu ya kuhariri. Chumbani hamtaliona hili. Ukumbini au nje mtaliona, na dawa yake ni kuisogeza picha fremu mbili tatu kwa jicho.

Waambieni waimbaji waimbe kweli, kwa sauti. Anayechezesha midomo kimyakimya shingo yake haikazi na kifua hakipandi, na mtazamaji anagundua bila kujua amegundua nini. Wasome pumzi pia: kwenye jedwali, andikeni mwimbaji wa asili anavuta pumzi kabla ya neno gani. Pumzi iliyokosewa inaonekana zaidi kuliko neno lililokosewa.

Kama kuna shoti za polepole ambamo mtu anaimba na midomo inafuata wimbo, siri ni hesabu ndogo. Gawanyeni fremu mnazopiga kwa fremu mtakazoonyesha. Mkipiga 50 na kuonyesha 25, jibu ni mbili, hivyo wimbo unachezwa lokesheni kwa kasi mara mbili na mwimbaji anaukimbiza. Mkipiga 30 na kuonyesha 24, wimbo uchezwe kwa asilimia 125. Programu nyingi za sauti huweza kuongeza kasi bila kupandisha sauti ikawa ya katuni. Itumieni, vinginevyo mwimbaji atacheka badala ya kuimba. Angalieni na mwanga: kwa kawaida kasi ya shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, huongezwa pamoja na fremu, kutoka 1/50 ya sekunde hadi 1/100, maana yake nusu ya mwanga imepotea. Kwa taa mbili hilo si jambo dogo, sogezeni taa karibu. Na kama picha inapepesa chini ya taa za umeme, rudini kwenye kasi inayopatana na umeme wa mahali mlipo: 1/50 au 1/100 kwa umeme wa hezi 50, 1/60 au 1/120 kwa wa hezi 60.

Kwenye uhariri, video ya asili iwe laini ya chini na yenu juu yake. Jazeni kipande kwa kipande, kisha fifisheni laini ya juu hadi nusu ili zote mbili zionekane kwa pamoja. Mtaona mara moja kichwa kilichoelea pembeni na mkono uliochelewa. Wimbo wenyewe uwe mmoja usiokatwa, picha ndiyo inayoufuata. Kama baadhi ya shoti zimepigwa kwa simu, zibadilisheni kwanza ziwe na kasi ya fremu isiyobadilika. Simu nyingi hupunguza na kuongeza fremu zenyewe, na midomo inaanza sawa kisha inateleza kidogo kidogo. Rangi acheni hadi mwisho kabisa, na anzeni kwa kulinganisha weusi: katika video nyingi za muziki giza limeinuliwa likawa kijivu au limetiwa rangi, na hilo likikosewa hakuna kingine kitakachokaa.

Mtashindwa mahali fulani. Labda video ya asili ina kamera inayopaa juu ya bendi nanyi hamna chombo cha kuipandisha. Msiigize kwa kuinyanyua kamera mkononi ikitetemeka. Rudini kwenye safu ya sababu, muulize shoti ile inafanya nini, kisha tafuteni njia yenu ya kufanya jambo hilohilo. Kama inatuonyesha tu kwamba bendi imezungukwa na wachezaji, kamera iliyotulia juu ya ngazi ndefu itasema hivyohivyo. Mimi ningekuwa ndiye anayesahihisha, mbadala ulioelezwa vizuri ningeupa alama nyingi kuliko mwigo uliotoka nusu.

Kuhusu mtandaoni: kuonyesha darasani na kutangaza hadharani ni mambo mawili. Sheria za nchi nyingi zinatoa nafasi fulani kwa kazi za masomo, lakini ukubwa wa nafasi hiyo unatofautiana, na mara nyingi unaishia mlangoni mwa shule. Ndani ya video moja kuna haki kadhaa zilizobebana: utunzi wa wimbo, rekodi ya wimbo, video yenyewe, na hatua za dansi. Kuandika jina la msanii mwishoni ni adabu njema, ila si ruhusa. YouTube ina mfumo wa Content ID tangu 2007, unaotambua rekodi wenyewe bila mtu kulalamika. Mwenye haki anaweza kuizuia video yenu, kuweka matangazo na kuchukua mapato, au kuiacha akifuatilia tu. Huwezi kupanga mustakabali wa kazi yako juu ya hisani hiyo.

Njia ninayoipendekeza ni kutengeneza matoleo mawili. La darasani litumie wimbo wa asili. La hadharani mtungiwe wimbo mwingine na mwanafunzi wa muziki, wenye mapigo yaleyale kwa dakika na mpangilio uleule wa beti na viitikio. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una pigo kila nusu sekunde: fremu 12 kamili kwa kasi ya 24, na kwa 25 ni fremu 12 na nusu, hivyo mikato inapishana 12 na 13. Mapigo yakilingana, mdundo wa mikato unahamia kwenye wimbo mpya karibu wote. Shoti za kuimba ndizo zitakazowasumbua, basi siku ya kushuti pigeni kila mkao wa mwimbaji mara ya pili akiimba maneno mapya. Ruhusa ya waigizaji wenu kuonekana hadharani ichukueni kwa maandishi siku hiyohiyo, kabla hawajavua mavazi.

Dansi msiisahau, kwa sababu wimbo ukibadilishwa hatua zinabaki za mwenyewe. Mwaka 2011 mtunzi wa dansi kutoka Ubelgiji, Anne Teresa De Keersmaeker, alilalamika kwamba video ya "Countdown" ya Beyoncé ilichukua hatua kutoka kazi zake, mojawapo ikiwa "Rosas danst Rosas" ya 1983. Miaka miwili baadaye yeye mwenyewe alifundisha hatua za kazi hiyo mtandaoni na kualika kila mtu atengeneze video yake. Mtunzi akifungua mlango namna hiyo, ingieni. Asipoufungua, toleo la hadharani liwe na hatua zilizobuniwa na wachezaji wenu: wapeni idadi ileile ya mapigo, mahali palepale pa kuanzia na kuishia ndani ya fremu, na wiki ya kwanza, mnapoandika jedwali, iwe ndiyo wiki yao ya kutunga.